Salamu za Dakika Moja

Sijawahi kuchukia tangazo kama nilivyolichukia lile. Lilinikuta kwenye cherehani yangu hapa Lushoto mjini, asubuhi, natunga uzi kwenye sindano. "Tunasikitika kuwajulisha kwamba huduma yetu itafungwa mwisho wa mwezi. Asanteni kwa safari tuliyosafiri pamoja." Safari gani? Mtu anakufungia mlango usoni halafu anakuaga kama mlikuwa harusini!

Hiyo huduma ya mtandaoni ilikuwa ya bure na kazi yake ilikuwa moja. Kila asubuhi iliita simu zetu zote kwa mpigo: ya mama kule Mlalo, ya kaka yangu mkubwa Magoma, ya dada Tanga, na yangu mimi kitinda mimba. Tukipokea tunasema "Shikamoo mama" kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Mama anaitikia, anamjulia hali kila mmoja, watoto, kazi, mvua, na sisi tunajibu. Salamu zikiisha ndipo anatoa habari zake.

Usiniulize kwa nini tusimpigie simu ya kawaida. Tulijaribu. Ukimpigia peke yako mama anakupa habari yako peke yako. Mimi naambiwa goti limepona, dada anaambiwa linauma kidogo, kaka anaambiwa goti gani. Tukiwa pamoja hawezi kutuzungusha.

Na kaka ndiye aliyeshikilia mambo. Mama anaishi peke yake na hataki kusikia habari ya kuondoka kwenye nyumba yake na shamba lake la viazi. Kaka alikubali abaki, ila kwa sharti: tuisikie sauti yake kila asubuhi. Sauti ikikosekana, anapanda na pikapu kumchukua akakae naye Magoma, kule chini ya milima kwenye joto. Kaka alifiwa na mke, watoto wake wameshaoa na kuolewa, vyumba anavyo. Lakini kwa mama, Magoma ni mahali pa kwenda na kurudi siku hiyohiyo. "Binadamu gani analala bila blanketi?" ndivyo anavyosema. Kwa hiyo mtandao ulipotangaza kufunga, mwenzenu nilijua fika kwamba nisipopata mbadala, mama anahamishwa.

Dada akaleta wa kwanza, wa picha. Unaongea huku mnaonana. Nilifurahi mpaka nilipoona mama amevaa nguo za kanisani. Jumatatu! Hakuwa tayari kuonekana Tanga akiwa na khanga ya jikoni. Kesho yake kavaa nyingine, tena kakokota kochi hadi dirishani. Katikati ya wiki nguo nzuri zikamwishia, akamwita jirani aonekane kwa niaba yake. Yule mama wa Kiislamu, jirani yake wa miaka yote, akatokea na ushungi mpya akatusalimia vizuri sana, kisha akaniuliza kama naweza kumshonea mjukuu sare ya shule. Nyuma yake niliona wengine wawili wakisubiri zamu. Mama mwenyewe hatukumwona wala kumsikia. Kaka akasema huu upuuzi ukome.

Wa pili aliuleta kaka mwenyewe, kwa mbwembwe. Huu ulikuwa na mashine inayoongea Kiswahili. Inampigia mzee asubuhi, inamuuliza kama yuko salama, kisha inatutumia majibu sote. Asubuhi ya kwanza tukapokea ujumbe kwa herufi kubwa: MTUMIAJI HAJAJIBU. Jamani! Kaka akawasha pikapu, dada akaanza kulia huko Tanga, mimi nikampigia jirani akimbie akaangalie. Akamkuta mama anakunywa chai.

"Mama, mbona hukujibu?" nilimuuliza kwa simu ya jirani.

"Nimjibu nani? Kile kisichana kinaniuliza kama niko salama hata hakijaniamkia. Mtoto wa nani yule?"

"Si mtoto, mama. Ni mashine."

"Imefundishwa kuongea, ikashindikana kufundishwa shikamoo?"

Kaka alikuwa ameshashika njia ya Mombo. Aligeuza gari kwa hasira, akaapa kwamba mbadala unaofuata ndio wa mwisho.

Huo wa mwisho niliutafuta mimi. Unarekodi sauti yako kwa dakika moja, unaituma, wenzako wanaisikiliza wakati wao. Nilijisifu sana. Mama akaweza kubonyeza tangu siku ya kwanza: "Hamjambo wanangu? Mmeamkaje? Watoto hawajambo? Na kazi? Na wewe wa Tanga, kifua?" Kwa kuwa mama hakimbizi salamu, dakika ikaisha. Sisi tuliridhika, sauti si imesikika? Kila mmoja akabonyeza ile picha ya dole gumba, tukaendelea na shughuli zetu.

Baadaye kidogo ikaja nyingine. Hamjambo wanangu? Mmeamkaje? Tukabonyeza dole. Ikaja nyingine. Kesho yake hivyohivyo, keshokutwa hivyohivyo, salamu juu ya salamu, habari hamna. Kaka akamuuliza kwa sauti kabisa, "Mama, tukikuhamishia Magoma utakubali?" Jibu likaja: hamjambo wanangu, mmeamkaje, watoto hawajambo?

Kaka akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mama anapotea," alisema. "Hakumbuki kwamba ameshatusalimia." Nilikaa kwenye cherehani nikalia hadi mteja wangu akaondoka bila gauni lake.

Jumamosi kaka akanipitia na pikapu, ameshaweka nyuma godoro la kumlazia mama. Tukapanda hadi Mlalo. Tulimkuta mama uani anachagua viazi vya mbegu.

"Shikamoo mama," tulisema.

"Marahaba! Hamjambo? Mmeamkaje?"

"Hatujambo."

"Watoto? Kazi?"

"Wazima mama, kazi njema."

Loo! Ungemwona. Alifunguka hapohapo bila kuvuta pumzi. Ng'ombe amezaa jike. Kwaya imegombana kuhusu sare. Mvua imelaza maharage ya jirani. Goti linauma, ndiyo, upande wa kushoto, asubuhi tu. "Na hilo la Magoma, siendi."

Kaka akadakia. "Sasa mama, wiki nzima tunakuuliza, mbona husemi?"

"Niseme vipi na hamjaitikia salamu? Nawasalimia mnanionyesha dole. Nawasalimia tena, dole. Nikasema labda hawajasikia, nirudie. Au siku hizi mtu anamwaga habari zake kwa watu ambao hawajamwitikia?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye viazi. Kaka hakucheka. "Na ukianguka humu peke yako?"

"Nikianguka nitaanguka kwangu. Na jirani ataniokota, nyie mtabaki na madole yenu."

Akatupikia, tukala, kaka akateremka mlima na godoro lake.

Asubuhi iliyofuata sauti ya kwanza ilikuwa ya kaka. "Shikamoo mama," alisema, kisha kimya. Masikini kaka, alikuwa anasubiri aitikiwe humohumo ndani ya rekodi! Hakukuwa na kingine ila maji yakichemka, kijiko kimoja kikigonga kikombe, kiti kikivutwa, kaka akihema, mpaka dakika ikaisha.

Mimi na dada tuliisikia, hatukubonyeza chochote. Mama naye alichelewa kujibu, nadhani aliirudia kuisikiliza.

"Marahaba mwanangu," alisema. "Kumbe nyumba yako iko kimya hivyo? Njoo ukae huku."