Kocha Aliyehamia Kazimia

Siku za kazi simkumbuki sana mwenzangu. Darasa la watoto hapa mjini Baraka halimwachii mtu nafasi ya kuwaza. Jumamosi ndiyo inayoniponza. Nasimama uwanjani kuwafundisha makocha wapya wa kujitolea, peke yangu pale tulipokuwa tukisimama wawili, na nikisema upuuzi hakuna wa kunibishia. Wananiita mwalimu, wanatikisa vichwa. Nachukia.

Tulisoma benchi moja sekondari. Mimi nikawa mwalimu, yeye fundi wa kushona. Mguu wake mmoja ulinyauka tangu utotoni, akawa anatembea kwa magongo. Programu yetu ilikuwa ndogo: mpira wa vijana wa mtaa, wenye ulemavu na wasio nao katika timu moja. Watoto hawakutusumbua. Waliotutoa jasho ni watu wazima waliokuja kujifunza ukocha, madereva wa pikipiki, mashemasi, akina mama wa sokoni, wote wana moyo mwema kupita kiasi.

Kwetu mgeni wa heshima haachwi amesimama. Basi siku ya kwanza ya mazoezi, watoto watatu wenye ulemavu walipofika, makocha wetu walikimbia kuwaletea viti vya plastiki, vile vya harusini. Wakawakalisha kivulini, sambamba na shefu, mkuu wa mtaa, na kila mmoja akapewa soda. Mama mmoja alipiga vigelegele kuona mwanawe anavyoheshimiwa. Mpira ukaanza bila wao. Mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya adabu.

Mwenzangu hakutafuta. Aliwaambia watoto wainuke, akawaamuru makocha wabebe viti vile wakavisimamishe uwanjani viwe magoli. Vilikuwa vitatu, na magoli mawili yanataka vinne. Akamgeukia shefu, akakitazama kiti chake kwa heshima zote. Shefu akainuka mwenyewe. Nilidhani programu imekufa siku hiyohiyo. Ndipo mwenzangu akawaambia makocha:

“Mi nilikaa mu kiti kama hii utoto yangu yote. Soda nilikunywa mingi. Mupira, hakuna muntu alinipasia hata siku moja.”

Baada ya hapo hatukuhitaji kueleza sana. Tulifundisha Baraka, tukapanda mpaka Fizi kwa pikipiki, magongo yake yamefungwa nyuma kwa kamba ya mpira. Tulibishana njia nzima. Alisema napuliza filimbi kama ninayewaita watoto kuimba wimbo wa taifa. Jioni tulikula samaki wa kuchoma, mukeke wa ziwani, tukiwapima makocha wetu mmoja mmoja: nani atarudi Jumamosi ijayo, nani alifuata fulana ya bure tu. Yeye alipatia, mimi nilikosea, naye hakuchoka kunikumbusha. Sijui kama nilijua wakati ule kwamba ninafurahi.

Kisha mumewe akapata biashara ya samaki Kazimia, wakahama. Aliniahidi atarudi mvua zikipita. Mvua zilipita. Simu ilipatikana siku moja, ikapotea siku kumi. Msimamizi wa programu aliniletea watu wa kushika nafasi yake, na wote niliwatia kasoro: huyu anaongea mno, yule anacheka vibaya. Mwisho akaniambia nichague, mafunzo mapya yamekaribia. Nikamwambia asubiri, naenda kumrudisha mwenzangu mwenyewe. Nikapanda boti.

Kazimia nilimkuta nyuma ya kanisa, kwenye kiwanja chenye mteremko, watoto wamemzunguka. Kando yake walisimama wanawake wawili na mvuvi mmoja, watu wazima, nao wakijifunza. Alikuwa akimfokea mvuvi kwa sababu alimbebea mpira kijana asiyeona badala ya kumwachia autafute. Aliponiona alicheka mpaka gongo moja likamwanguka.

Tulipokaa nilimpa hotuba niliyoipanga njia nzima: makocha wapya, watoto wa Baraka, msimamizi, programu. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, na hapo nikajua jibu.

“Niko na hamu yako sana, dada,” alisema. “Lakini kule batoto bako na we. Huku, mi nikienda, bale makocha batatu habajajua kitu. Batoto batabaki na nani?”

Nikamwambia basi ukweli, kwamba makocha wa Baraka wanaendelea vizuri, na kwamba aliyekuja kumtafuta ni mimi. Akasema anajua. Akanishika mkono, tukakaa hivyo, watoto wakigombania mpira mbele yetu, mpaka wenye boti wakaanza kuita abiria.

Niliporudi nilimwambia msimamizi anitafutie mwenzangu mwingine. Bado anatafuta, na mimi, Mungu anisamehe, simharakishi.