Mama Fundi na vumbi la breki lililomwingia mumewe kifuani

Asubuhi, mabati ya banda bado yana baridi. Mama Fundi ameshaweka mawe kwenye matairi ya mbele ya gari na kulegeza breki ya mkono. Upande wa kulia ameumaliza. Sasa jeki inapandisha wa kushoto. Tairi la nyuma linatoka, na harufu ya chuma kilichoungua inajaa banda zima.

Mlangoni, penye hewa, mumewe ameketi juu ya kreti la soda, shuka mabegani. Wateja humwita Fundi Sikio. Zamani gari likipita tu barabarani, alikuwa akisema, "Hiyo breki ya nyuma inalia." Siku hizi anachosikia zaidi ni kifua chake mwenyewe.

"Usivute kwa hasira," anamwambia mkewe. "Toa bolti ya chini, ndipo uinue kalipa."

"Nimeshatoa, baba. Wewe pumua tu."

Kalipa, kile chuma kinachoibana diski, anaitundika kwa waya ili mpira wa mafuta usibebe uzito. Pedi, vile vipande vinavyosuguana na diski, bado ni nene, ila zimekwama kwa kutu na tope, ndiyo maana breki inalia. Anazigonga polepole mpaka zinaachia.

Hapo kwenye pedi ndipo msiba wa nyumba hii ulipoanzia. Kwa miaka mingi Fundi Sikio alizisafisha kama mafundi wote aliokua nao: anagonga pedi kwenye ubao, anainama, anapuliza kama mtu anayewasha jiko. Vumbi jeusi likimrudia usoni, anapangusa kwa kiganja na kuendelea.

"Tulikuwa tunataniana," anasema, kisha kikohozi kinamkata. Anangoja kipite. "Kama hutemi mate meusi, tunakwambia wewe bado hujawa fundi."

Daktari alimwambia mapafu yamejaa makovu na hayatarudi yalivyokuwa. Akamkataza vumbi lote. Mkewe, aliyekuwa akishona nguo nyumbani, akaanza kuja kumshikia spana. Kushika spana kukageuka kuwa kazi yote.

Yeye hapulizi. Anazimwagia pedi maji, anasugua kwa brashi ya waya pale pedi zinapokaa, anafuta kwa kitambaa kibichi, kisha anakifunga kwenye mfuko.

"Wananicheka eti nafua breki," anasema. "Wacheke. Mimi nina mgonjwa mmoja tayari. Nikianguka mimi, nani atatuuguza wawili?"

Tatizo ni wateja. Wasipomwona mwanamume bandani, wanapitiliza. Kwa hiyo kila asubuhi mgonjwa anavalishwa na kuletwa palepale alipokatazwa.

Mwenye gari la leo ni dereva wa teksi, rafiki wa Fundi Sikio wa siku nyingi. Amesimama mikono kiunoni.

"Shemeji, hapo kwenye pistoni mwachie fundi mwenyewe. Nisije nikaingia mtaroni na abiria wa watu."

"Mtaroni utaingia kwa mbio zako, si kwa mkono wangu."

Dereva anacheka, lakini haondoi macho kwenye gurudumu. Fundi Sikio anajiinua. Pistoni ya nyuma ya gari hili, ile inayozisukuma pedi, hairudishwi ndani kwa kusukumwa, inazungushwa. Ukiilazimisha, unaua breki ya mkono. Anainama na kifaa chake, anazungusha kidogo, anazungusha tena. Midomo inabadilika rangi. Kifaa kinaanguka.

Mkewe anamshika kwapani, anamrudisha mlangoni, anamsugua mgongo mpaka pumzi inapatikana.

"Mungu wangu, usimchukulie humu," anasema chinichini.

Kisha anarudi kwenye pistoni na kuimaliza, bila kumuuliza mtu. Anapaka grisi kidogo kwenye ncha za pedi, si upande unaosugua diski, anarudisha pedi, kalipa, tairi. Mwisho anaingia garini na kukanyaga pedali mara nyingi mpaka inakuwa ngumu. Ukisahau hilo, mguu unazama hadi sakafuni na gari halisimami.

Dereva anazunguka mtaa na kurudi. Breki iko kimya. Anashuka, anakwenda moja kwa moja kumpa mkono mgonjwa.

"Mshukuru aliyefanya," anasema Fundi Sikio.

"Ahsante, shemeji."

"Na kesho sitakuwepo," anaongeza Fundi Sikio. "Nakaa nyumbani. Utawaambia wenzako waje kwake?"

Mkewe anainua kichwa. Hilo hakuwahi kulisikia. Dereva anachezea funguo.

"Nitawaambia, kaka. Kuja ni juu yao."

Gari likishaondoka, Mama Fundi ananawa mikono kwenye ndoo. Anasema atafungua kesho hivyohivyo, na kreti atalikalia yeye, aonekane kutoka barabarani. Siku ikipita bila gari, atafungua kesho yake tena.

"Naomba kwa Mungu jambo moja," anasema. "Nikirudi jioni, gari lije lisije, nimkute wa kumsimulia."