Samaki wa Mume Wangu

Mume wangu alipohamishiwa kazini Kyela, aliondoka na begi la nguo, godoro na jiko la gesi. Tangi la samaki aliliacha sebuleni kwetu, mtaa wa Msasani mjini Tukuyu, na kazi ya kulitunza akaniachia mimi bila kuniuliza. Nilimwambia kwamba samaki wake wanataka joto na Kyela joto lipo la kumwaga, wakati sisi huku mwezi wa saba nguo zinakaa kambani siku tatu hazijakauka. Akasema amepanga chumba kimoja tu, tangi halitaenea.

Walikuwa samaki kumi na wawili, wafupi kuliko kidole changu cha mwisho, wenye mstari wa buluu ubavuni na wekundu mkiani. Hawaishi mmojammoja. Wanakwenda kundi zima, wakigeuka wanageuka pamoja, na mume wangu alinisisitizia kwamba kundi likipungua sana, waliobaki wanaingiwa na hofu na kuacha kula. Kwa hiyo kuwalisha hakukutosha, ilinibidi niwahesabu pia. Vitu kumi na viwili vinavyofanana na visivyotulia! Nilikuwa napata kumi na mmoja, narudia napata kumi na watatu, huku uji wa watoto unafurika jikoni.

Kila jioni alipiga simu. Kwanza aliuliza maji yana nyuzi ngapi za joto. Kisha kama wamekula. Watoto waliulizwa mwishoni, kama salio lilikuwa bado lipo.

Jumamosi moja mvua na ukungu havikuacha tangu alfajiri. Mti ukaangukia nyaya, umeme ukakatika, na kifaa cha kupasha maji ya tangi kikazima. Mimi mwenyewe nilikuwa na homa, mifupa yote inauma. Jana yake nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba naumwa. Alisema pole, akarudi kwenye samaki. Aliyekuja kunisaidia ni mama yake, aliyeshuka kutoka Kinyala na mkungu wa ndizi.

Maji yaliposhuka hadi nyuzi kumi na tisa, samaki walijikusanya chini kwenye kona moja, wakaacha kuogelea. Niliwasha kuni, nikapasha maji, nikajaza chupa za plastiki na kuzielesha ndani ya tangi. Zikipoa nazitoa, najaza nyingine. Mama mkwe alinitazama nikipita mara ya nne, akainuka, akalizungushia tangi blanketi alilokuwa amejifunika. Ndipo akaniuliza kama samaki hao wakikua wanaliwa. Nikamwambia hapana. Wanauzwa? Hapana.

“Basi kazi yao nini, mwanangu?”

“Wanaogelea tu, mama.”

Alikwenda kuchochea moto.

Saa kumi simu ikaita. Mume wangu alikuwa amesikia kwamba Tukuyu hakuna umeme, na kabla sijamaliza kuitikia salamu akauliza maji yana nyuzi ngapi. Nilikuwa nimeshika sufuria kwa mkono mmoja. Mama mkwe akanyoosha mkono, nikampa simu. Alizungumza na mwanawe kwa Kinyakyusa, polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

“Mke wako ana homa siku ya tatu,” alisema. “Anabeba maji ya moto kwa ajili ya samaki wako. Leo umemuuliza habari gani yake?”

Sikusikia alichojibiwa. Aliponirudishia simu, mume wangu akasema pole, mke wangu.

“Njoo uwachukue,” nikamwambia.

Alifika kesho yake mchana. Umeme ulikuwa umerudi, lakini wawili walikuwa wamekufa. Alinikuta kitandani na, kwa mara ya kwanza, hakuanzia sebuleni. Aliketi pembeni yangu, akanishika paji la uso, akaniuliza nimekula nini. Jioni aliwatia wale kumi kwenye ndoo yenye mfuniko, akaifunga kwa blanketi, akashuka nao Kyela. Huko aliwaweka kwenye beseni kubwa. Tangi lilibaki kwangu. Nilipopona nililikausha, nikatia maharage ya mbegu.

Hazikupita wiki mbili akapiga simu. Aliuliza hali yangu, akauliza watoto, na nikasikia jinsi alivyojitahidi kungoja. Kisha akasema Kyela joto limezidi, samaki wanapanda juu ya maji wanahema, afanyeje?

Nilitaka kukata simu. Badala yake nilijikuta nasimama dirishani namwelekeza atoe beseni kwenye ukuta unaopigwa na jua, apunguze maji kidogo na kuongeza ya baridi kidogo, asimwage yote kwa mpigo, na aangalie kama bado wanakwenda pamoja. Akaniambia ningoje aangalie. Nikangoja. Nyuma yangu mboga ikaanza kuungua.