Gari la Kulala la Jacktone Wesonga

Jacktone Wesonga alistaafu udobi katika hoteli moja ya Diani akiwa na wazo moja tu kichwani, na wazo hilo lilikuwa na magurudumu manne. Alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akalipeleka kwa Thoya, seremala wa Msambweni, akatengenezewa humo kitanda cha mwarobaini, kabati la vyombo na meza ya kukunja. Mapazia aliyashona mkewe Gillian, fundi cherehani wa Ukunda, na aliyashona akiwa amenuna. Mpango ulikuwa kwamba watu wa Nairobi waliochoka na hoteli wakodi gari hilo, wazunguke Kwale, na walale popote jua litakapowachwea.

Gillian hakuamini kwamba mtu mwenye akili timamu angelipa ili alale ndani ya gari la mikate. Tsofa, mfanyabiashara wa kuku, alikuwa tayari kulinunua hata kesho.

"Baba Quincy, mimi si mgumu," alimwambia mumewe. "Zunguka nalo, ulale humo, kisha urudi uniambie umelalaje. Ukishindwa kulala, Tsofa aje alichukue."

Jacktone alikubali. Hakuona ugumu wowote katika kulala.

Alianzia Gazi. Aliegesha karibu na mikoko, na kwa kuwa hoteli ilikuwa imemfunza adabu, akaenda nyumba ya jirani kuomba ruhusa. Hapo ndipo alipokosea. Mwenye nyumba, Mzee Alfani, ambaye kazi yake ni kuotesha miche ya mikoko, aliitikia shikamoo yake, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama gari limeharibika. Jacktone akasema ni zima kabisa. Mzee akauliza kama amegombana na mtu. Hakuwa amegombana na yeyote. Sasa ya nini kulala nje? Jacktone akaanza upya kueleza habari za utalii, lakini wakati huo Ummi, mkewe mzee, alikuwa amekwisha kubadilisha shuka.

Mgeni aliyebisha hodi magharibi halazwi nje. Jacktone alilijua hilo tangu alipohamia Pwani, ila alidhani mtu akija na kitanda chake, mambo hubadilika. Hayakubadilika. Alipewa chumba cha wenyewe, na chandarua chao. Ummi akaenda kulala na wajukuu. Mzee Alfani, ambaye sasa hakuwa na pa kuweka ubavu, aliomba ufunguo kwa adabu, akaenda kulala garini.

Asubuhi ilibidi Ummi akagonge kioo cha gari kwa kijiko. Swala ya alfajiri ilikuwa imempita mzee, jambo ambalo watu wa nyumba hiyo hawakuwahi kuliona. Alishuka na uso wa mtu aliyekosa na ambaye hajutii vya kutosha.

Kikoneni, Jacktone hakuomba ruhusa kwa mtu. Alisimama kando ya mikorosho, akazima taa, akavua viatu. Kabla hajalaza kichwa, Mwinga, mwenye shamba, akammulika kwa tochi. Kwanza alitaka kujua kama mkate umebaki. Alipoelezwa, alisikitika kuliko ambavyo angesikitika kumkuta mwizi.

"Ndugu yangu, kesho watu watapita hapa wakuone unatoka garini, na nyumba yangu ile pale. Utakuwa umenifanyia nini mimi?"

Jacktone akavaa viatu. Alipewa kitanda cha Mwinga, Mwinga akahamia kitanda cha mamake, na mamake, bibi mkongwe mwenye kauli ya mwisho nyumbani humo, akapandishwa garini na mto wake.

Kulipokucha, bibi alikataa kushuka. Alisema humo mna upepo mzuri, na tangu aolewe hajawahi kulala mahali ambapo hakuna wa kumwuliza chumvi iko wapi. Majirani walikuja kumwamkia dirishani. Mwinga, kwa aibu kubwa, alimwomba mgeni asimharakishe mama wa watu. Ikabidi Jacktone alale ndani usiku wa pili, akisikiliza mapazia ya mkewe yakipepea huko nje. Bibi alishuka kwa ahadi kwamba gari litarudi.

Tumaini lililobaki lilikuwa Samburu, kwenye barabara kuu, ambako madereva wa malori hulala katika magari yao na hakuna anayewauliza kitu. Jacktone aliingia hoteli ya Monicah kunywa chai. Monicah alisikia lafudhi yake, akataka kujua anatoka Busia upande gani. Kufikia chapati ya pili, Jacktone alikuwa shemeji yake. Aliyelala garini ni mumewe Monicah.

Aliporudi nyumbani angeweza kudanganya, lakini alikuwa shemasi. Alimweleza Gillian yote, naye alisikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Kwa hivyo umezunguka Kwale yote na kitanda mgongoni," alisema, "ukilala kwa watu."

Akampigia Tsofa simu. Tsofa akasema atakuja Jumamosi.

Ijumaa jioni, Mzee Alfani na Ummi walishuka kwenye tuktuk mbele ya nyumba, wakiwa na kikapu cha samaki na mito miwili. Gillian hakuulizia sababu. Alitandika kitanda chake kwa shuka mpya, akawaonyesha chumba.

"Mola akuzidishie, mama," Mzee Alfani alisema. "Lakini kitanda tunacho Gazi. Sisi tumekuja kwa ajili ya gari."

Gillian alisema haiwezekani, majirani watasema nini.

"Na sisi tulimkatalia mumeo hivyo hivyo," Ummi akajibu, akiwa amekwisha kuukumbatia mto wake.

Walibishana kwa heshima mpaka samaki wakapoa, na wageni wakashinda.

Asubuhi Gillian alipeleka chai garini. Ummi alikuwa ameketi mlangoni, miguu inaning'inia. Gillian akamwuliza swali alilokuwa amemwekea mumewe: umelalaje?

Ummi alifikiri kidogo. "Nyumbani hata nikilala, sikio liko mlangoni," alisema. "Humo sikuwa mwenyeji wa mtu."

Gillian alirudi ndani, akamwambia Tsofa kwa simu asijisumbue.

Alasiri wageni waliondoka. Jacktone alikunja nguo yake ya kulala, akatoka nayo hadi uani ili hatimaye alale garini. Mapazia yalikuwa yameshushwa, na viatu vya Gillian vilikuwa chini ya mlango wa gari. Akabisha hodi. Akabisha tena, kwa sauti ya mtu mwenye mali yake.

Hakuna aliyemkaribisha.