Mlembe Aliyenyimwa Sega

Nilipokuwa mtoto pale Mwamkulu, simba hakunitisha kama alivyonitisha mlembe, kandege kadogo ka rangi ya vumbi. Mlembe humwita mtu kwa kelele, huruka mti hadi mti, humfikisha kwenye nyuki. Mtu anarina asali, anamwachia ndege sega lake. Ukimnyima, alisema bibi yangu, Mkonongo kuanzia unyayo hadi utosi, safari inayofuata hakupeleki kwenye asali. Anakupeleka kwa mnyama.

Baba yangu, Didas, alikuwa mrina asali. Miaka ile ya tisini msitu alimotundika mizinga yake ukafungwa, ukawa hifadhi, na yeye akalala fundi akaamka jangili. Tukala ugali kwa mlenda mpaka koo zikachoka kuteleza. Kisha kampuni moja ikafufua lile jumba la mlowezi kando ya mto, la matofali na baraza pana, ambalo popo walikuwa wamelirithi tangu uhuru. Wakafyeka vijia kufuata mto, wakaleta wazungu wa darubini waliolipa ili watazame ndege. Watazame tu! Baba akachukuliwa kuwaongoza, kwa majaribio, hadi mvua zianze. "Probation," alisema meneja, kijana wa mjini ambaye viatu vyake havijawahi kukutana na tope. Baba akiachwa, hatukuwa na kingine. Hilo hata mimi nililijua.

Asubuhi moja bibi akamsimamisha baba mlangoni.

"Sega la mlembe usisahau, mwanangu."

"Mama, pale ni marufuku kulisha ndege. Wameandika mpaka kwenye kibao."

"Kulisha? Yule halishwi. Yule analipwa."

"Basi njoo umweleze meneja."

"Kwa Kiingereza kipi, hiki cha kufukuzia kuku?"

Wakacheka wote wawili. Nakumbuka kile kicheko kwa sababu nyumba ile haikucheka tena kwa muda mrefu.

Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda naye. Mlembe akaja kweli. Baba akamwitikia kwa mluzi, wazungu nyuma yetu wakashusha pumzi kama waliotokewa na malaika. Akafukiza moshi kwenye tundu la mninga mkubwa, akatoa masega. Watu wakapiga picha, wakalamba vidole, beautiful, beautiful. Ndege akabaki tawini, anadai. Baba akakata kipande, akainama kukiweka juu ya jani.

"Didas! No feeding. Sheria ni sheria."

Baba alimtazama meneja, akanitazama mimi, akakirudisha kipande kwenye ndoo. Ndege akatufuata njia nzima, anatutukana. Nikamvuta baba shati.

"Baba, atakasirika."

"Nyamaza, mama. Mvua zimekaribia."

Wiki iliyofuata wakaja wageni wengine, nao wanamtaka mlembe waliyesimuliwa. Bibi akasema nisiende. Baba akasema macho yangu yanamsaidia, twende. Mlembe akaita. Safari hii akaacha kijia, akaingia matete ya mtoni. Baba akasimama, akamgeukia meneja.

"Hapo sipapendi, bosi."

"Nenda bwana! Go, go, wageni wanamtaka!"

Akaenda. Ndani ya matete alikuwemo mbogo dume, yuko peke yake, na kipande cha waya wa mtego kimemzama mguuni. Nilichokiona kwanza ni pua. Baba alinirusha kwenye panda ya mti, akavua kofia, akampungia yule mnyama ili amfuate yeye. Akamfuata. Pembe ikaingia pajani. Wageni hawakupata hata mkwaruzo.

Jirani yetu Msukuma ndiye aliyempeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe. Njiani alijaribu kumfanya baba asisinzie: "Nyie mnafuata ndege, sisi tunafuata ng'ombe. Ng'ombe angalau hadanganyi, Didas. Didas! Nijibu bwana!"

Alipona, mguu ukabaki mfupi. Meneja akaja wodini na biskuti. Akasema kwa huruma nyingi kwamba kampuni imeamua kumwacha, kwa sababu alitoka nje ya kijia. Bibi hakusema "nilikwambia". Alizitafuna zile biskuti hadharani, moja moja, macho kwa meneja, mpaka akaondoka.

Chuo kikuu nilisoma mambo ya wanyamapori. Profesa akasema ndege hana kinyongo, hiyo ni superstition. Sawa, mwalimu, nikaandika hivyo hivyo kwenye mtihani nikapata A, na hiyo A ninayo hapa Shanwe, bila kazi, kwenye nyumba ya dada yangu, ninapolala sebuleni na watoto wake wakinikanyaga asubuhi wakiwahi shule. Mlembe alijuaje, sijui. Labda hakujua lolote. Mbogo walikuwepo tu.

Zamani nilimlaumu baba kwa kutii. Nilikuwa na tumbo lililoshiba mkopo wa serikali, ni rahisi kulaumu. Alizijua sheria mbili, ya msituni na ya kibaoni, akaitii ile iliyokuwa na ugali wetu ndani yake. Mlembe simwogopi tena. Ninachokiogopa ni kwamba meneja yeyote akinipigia simu kesho, nitakwenda, na atakaponiambia nimnyime ndege, nitajibu, "Yes, sir," kabla hajamaliza sentensi.