Mkorosho wa Viganja

Mwaka wangu wa pili kufundisha darasa la awali, katika kijiji kimoja upande wa Rutamba, nilijitwika mwenyewe kazi ya kupamba ukuta wa mahafali. Mwalimu mkuu alitaka maputo tu. Mimi nikasema watoto watatengeneza mkorosho. Shina tutalikata kwenye gunia kuukuu, mabibo, yale matunda yanayoning'inia juu ya korosho, kwenye karatasi nyekundu za manila, na majani yatakuwa viganja vyao wenyewe: kila mtoto atachovya mkono kwenye rangi ya kijani, atagandamiza kwenye karatasi, na chini yake nitaandika jina. Wazo lilinipendeza kiasi kwamba sikulifikiria mpaka mwisho.

Nilizinduka siku ya kuchovya, rangi imeshamiminwa kwenye sinia na watoto wamejipanga mstari. Wa nne kutoka mbele alikuwa binti mmoja asiyevua sweta.

Mkono wake wa kulia alizaliwa nao una vidole viwili tu, gumba na kidole cha mwisho. Siku mama yake alipokuja kumwandikisha alinivuta pembeni, nyuma ya mlango. "Mwalimu," aliniambia, "habari za mkono wake naomba zisitajwe hapa shuleni. Hata kwa nia njema." Nilimwahidi. Kwa hiyo binti alivaa sweta la mikono mirefu hata kwenye joto la Novemba, na mimi mwaka mzima sikuwahi kuutazama ule mkono zaidi ya kuusahihishia herufi.

Zamu yake ilipofika nilimwinamia nikamwambia kwa sauti ndogo, "Wewe tumia wa kushoto."

"Kwa nini, mwalimu?"

Nikakoroga rangi kwenye sinia. Akavuta sweta mpaka kwenye kiwiko, akachovya mkono wake wa kuandikia na kuugandamiza kwenye karatasi kwa nguvu zake zote. Nilitazama nyuso za wenzake. Hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wameushika mkono ule mwaka mzima kwenye michezo ya duara. Aliyemfuata alimsukuma tu, "Sogea, zamu yangu."

Mchana, watoto walipoondoka, nilibaki na mwalimu mwenzangu tukibandika kwa gundi tuliyoipika kwa unga wa muhogo. Nililishika lile jani muda mrefu. Nilikata bibo moja kubwa nikalipima juu yake, likafunika lote. "Libandike hapo hapo, yaishe," mwenzangu akasema. Nikalibandika. Nikalibandua kabla halijakauka. Nilimwazia binti siku ya mahafali, akilitafuta jani lake mbele ya watu wote na asilione.

Nikaamua kwenda kumuuliza mama yake. Nilimkuta bibi wa mtoto peke yake, anageuza korosho kwenye mkeka uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu wangu. Mama yake yuko shamba, anaokota. Kuna jambo?"

Jambo lilikuwepo. Lakini bibi alinitazama kwa wasiwasi, kama mtu aliyezoea walimu kuleta habari mbaya. Nikauliza korosho za mwaka huu zikoje. Nikauliza kama mvua imewahi kuzilowesha. Nikaaga. Njia nzima nilijisema kwa sauti, na zile siku mbili zilizobaki kabla ya mahafali jani lilikaa ukutani bila kufunikwa.

Siku ya mahafali mama alifika mapema, amevaa kanga mpya. Binti alimdaka mlangoni akamkokota moja kwa moja mpaka ukutani. "Langu hili! Mama, langu hili!"

Mama alisimama pale. Wazazi wengine walikuwa wanaingia, wanatafuta majina ya watoto wao, wanacheka. Nilisogea nikiwa na pini za kubania majoho mkononi.

"Mwalimu, tulikubaliana nini?"

"Nimekosa, mama. Nisamehe."

"Ungeniuliza."

"Nilikuja nyumbani, sikukukuta."

"Najua ulikuja. Bibi yake ameniambia mliongea korosho tu."

Bibi alikuwa amefika nyuma yetu. Alinyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya jani, akapima, kisha akamwambia mjukuu, "Umekua. Mkono wako ulikuwa mdogo kuliko huu." Basi, akaenda kukaa kwenye mkeka wa mbele.

Sherehe ilipoanza nilikuwa na hofu nyingine. Cheti hupokelewa kwa mkono wa kulia, na majoho yale, yaliyoshonwa kwa kitambaa cha bei rahisi, yalikuwa na mikono mipana isiyoficha kitu. Binti alipoitwa na kunyoosha mkono, joho lilimteremka mpaka kiwikoni. Mtendaji wa kata, mgeni wetu rasmi, alisita kidogo sana, labda ni mimi tu niliyeona, kisha akaukamata mkono ule akautikisa kama alivyoitikisa mingine. Watu walipiga makofi. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga, na sikuweza kujua kama ni kilio au ni hasira.

Baada ya pilau alinifuata nikiwa nakusanya viti.

"Lile jani nibandulie."

Nililibandua kwa kisu, polepole, chokaa ya ukuta ikaja nalo. Nilitaka kulikunja, akanizuia. Aliomba gazeti, akaliviringa ndani yake ili rangi isichubuke, akalibana kwapani akaondoka. Sikupata ujasiri wa kumuuliza anakwenda kulitundika au kulichoma.

Januari binti alianza darasa la kwanza chumba cha pili kutoka changu, bado na sweta lake. Mama yake alipopita alinisalimia kwa neno moja tu. Ilikuwa hivyo mpaka masika yalipokwisha, asubuhi moja akasimama, akaniuliza kama bado nina ile rangi ya kijani, maana binti anaililia nyumbani. Nilimpa kopo zima. Alishukuru, akaongeza bila kutabasamu, "Safari hii nimekuomba mwenyewe."

Siku hizi, kabla sijagusa mkasi, nawaita wazazi kwanza.