Ngao Ashika Kipenga

Kushona alishona kwa ajili ya tumbo. Mpira wa pete aliucheza kwa ajili ya roho. Ndivyo alivyosema mwenyewe, na ukimwona jioni anavyoifunika cherehani yake harakaharaka na kuvaa raba, ulijua hasemi uongo. Wenzake walimwita Ngao, maana pale chini ya goli alikuwa hapitiki. Umri ulikuwa unabisha hodi hamsini, wanawe wote wana nyumba zao, lakini akiruka, wasichana wa timu pinzani walibaki wanatazama soli za viatu vyake.

Kisha ukaja msimu wa sare za shule. Oda zilimwangukia kama mvua, akawa anakula juu ya cherehani, anasinzia juu ya cherehani, asubuhi hadi giza. Siku moja aliposimama, mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na kupata moto, unauma nyuma ya goti.

"Msuli huo," alisema wifi yake, dada wa mumewe, muuza viatu wa sokoni na kapteni wa timu. "Uchue tu."

Akauchua. Kulipokucha, mguu haukuingia hata kwenye kandambili ya mumewe. Mume, fundi rangi, mtu wa maneno machache na hofu nyingi, aliacha brashi ndani ya kopo akampeleka hospitali. Wakampima, wakaona damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Daktari hakuficha: donge lile likichomoka, linaweza kukimbilia mapafuni. Akaandikiwa dawa ya kuzuia damu isigande, akaambiwa pia kwamba sasa atatoka damu kwa urahisi.

Mume alilishika hilo la mwisho tu. Walipofika nyumbani alikusanya visu, wembe na mikasi, akavifungia kabatini. Akawa anamenya vitunguu mwenyewe huku machozi yanamtoka. Kona za meza akazivika vipande vya godoro.

"Baba watoto, na sindano zangu?"

"Na hizo pia."

"Basi nifunge na mdomo. Nao una meno."

Hakucheka. Naye Ngao, kwa kuwa aliogopa kidogo pia, alikaa. Alikaa hadi kiti kikachukua umbo lake. Mguu ukawa mzito kama gogo, na ngazi za kwenda kwake ghorofani zikawa mlima. Jioni kelele za uwanjani nyuma ya nyumba zilipopanda, alifunga dirisha, kisha akalia kimyakimya.

Siku ya kurudi kupimwa damu, nesi alimwona anavyojishusha kwenye benchi kama mtungi uliojaa, akamuuliza: "Mama, siku hizi unafanya nini?"

"Nakaa."

"Unakaa? Nani kakuagiza ukae?"

Ngao akamtazama mumewe. Mume akatazama dari.

"Sikilizeni nyote wawili," nesi alisema, akivuta kiti. "Kukaa huko huko ndiko kulikochangia damu kuganda. Mwili huu unataka kwenda. Tembea, ogelea, panda ngazi. Anza taratibu, ongeza kadiri unavyopata nguvu."

"Na mpira?" Ngao alidakia.

"Wa kugombania chini ya goli, hapana. Tunachoogopa ni kuanguka na kupigwa viwiko kichwani. Ukigonga kichwa, hata usipoona tone la damu, unakuja hospitali mbio. Ukijikata, bana kwa nguvu, usifunuefunue. Dawa usiruke, na za maumivu za dukani usimeze kabla hujatuuliza. Cherehani rudia, ila vaa subana kidoleni, na unyanyuke kila mara ukanyooshe miguu."

Mume alikohoa. "Kwa hiyo... visu nivirudishe?"

Nesi alicheka hadi akashika meza.

Wakaanza kutembea alfajiri. Siku za mwanzo mume alitangulia mbele akipiga mateke kila jiwe njiani, kama anamsafishia njia malkia. Baadaye mawe yakamshinda, kwa sababu mkewe alikuwa anampita. Matembezi yakawa mbio za polepole kuzunguka uwanja, na mguu ule uliokuwa gogo ukaanza kumkumbuka mwenyewe.

Hapo ndipo wifi alipomvizia kwenye kona ya uwanja. "Wifi, refa wetu mmoja kahama mji. Kanuni unazijua kuliko sisi, na refa anakimbia pembeni, hagombanii mpira na mtu."

Ngao alihisi damu inachemka mwilini, nyepesi na moto. Akaenda kwanza kumuuliza nesi, nesi akasema, "Nenda, lakini ukae nje ya mstari." Mechi ya kwanza aliruka kuudaka mpira badala ya kupuliza kipenga, uwanja mzima ukaangua kicheko. Mechi ya pili mikono ilitulia. Kufikia mwisho wa mashindano, wote walikuwa wanaitii filimbi yake.

Fainali ilikuwa timu ya soko na wanawake wa kiwanda cha mikate. Waokaji walinung'unika tangu mwanzo: "Refa mwenyewe ni wifi wa kapteni wao! Tumekwisha."

Ngao alisikia, akakimbia. Juu, chini, juu, chini, jasho likimtiririka, mapafu yakivuta hewa kama mivukuto! Mara mwokaji mmoja akaufukuza mpira hadi nje, kucha zake zikamparua Ngao mkononi. Damu ikachuruzika hadi kwenye vidole. Ngao akapuliza kusimamisha mchezo, akabana kwa leso. Mumewe alikwisharuka kamba, begi la bandeji mkononi.

"Bana," alisema. "Tusifunuefunue."

Ilichukua muda kuliko kwa mtu mwingine, lakini damu ilikata. Mume akamfunga bandeji kwa makini, kama anapaka rangi ukingo wa dirisha. Alifumbua mdomo kumwambia twende nyumbani, akamwona macho yanavyowaka, akaufumba.

Mchezo ukaendelea, soko wakiongoza kwa goli moja. Zikiwa zimebaki pumzi chache, mfungaji wa waokaji akainua mpira, na wifi akamsukuma kwa bega. Kidogo tu. Refa mwingine angejifanya kapepesa macho.

Kipenga kililia.

"Wifi!" kapteni alipiga kelele. "Mimi?"

"Wewe. Simama kando yake, usiguse mpira."

Waokaji wakafunga, mechi ikaenda kwenye muda wa nyongeza, na huko soko wakashindwa. Wifi alimjia amekunja uso. Alipofika karibu uso ukamvunjika, akacheka. "Kwangu leo huli, mtu mbaya wewe." Akamkumbatia, akiukwepa mkono wenye bandeji.

Nyuma yake akaja kapteni wa waokaji, kofia mkononi. "Mama, tulikusema vibaya. Kuna mashindano ya viwanda mwezi ujao. Unaweza kutuchezeshea?"

Ngao hajafungua mdomo, jibu likatoka nyuma yake.

"Anaweza," alisema mumewe.